Heshima Haikati Chuma

Mwanangu, hakuna kitu katika mji huu wa Nairobi kilichobaki cha kunishangaza. Nimemtengenezea mtu geti la nyumba ambayo hakuwa amejenga, geti likalala kwa jirani yake miaka mingi, mpaka nyumba ikaja kulifuata. Nimeona ghorofa likiporomoka asubuhi, na jioni mwenyewe yuko palepale anauza mabati. Mimi niliyetoka Vihiga na darasa la sita, tena la sita lenyewe nusu, leo karakana ya Riruta ni yangu, nyumba ya Mutuini, huko Dagoretti, ni yangu, na mlango wake wa chuma nimeuchomelea kwa mkono huu. Mwizi aliujaribu mara moja akaenda kutafuta kazi nyingine. Basi siku moja ya ujana wangu, na siku hiyo naikumbuka hadi harufu yake, nilisimama dukani kwa muuza vyuma kwenye Barabara ya Naivasha nikayasema maneno hayo mbele ya watu: "Hezekia hashangazwi."

Kilichoniletea maneno hayo ni karatasi. Kiwanda kimoja kikubwa kilikuwa kimeninyang'anya kazi ya grili za madirisha, na muuza vyuma akaona vyema anionyeshe karatasi ya kazi yao. Dirisha limechorwa safi. Kila chuma kimepewa mahali pake, kutoka kushoto mpaka kulia, sentimita baada ya sentimita, hakuna kufutwa wala kurudiwa.

"Hii ni kompyuta imepiga hesabu yote," akaniambia. "Wewe Hezekia bado uko na chaki na tepu."

"Hainishangazi," nikamjibu. "Kompyuta iliambiwa na nani? Na mtu. Basi na mimi ni mtu. Naapa nami nitaiambia."

"Na hiyo miaka yako? Utaenda kukaa na watoto?"

Watu wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nimeshakauka. Nikamgeukia. Nikamwambia hivi, nawe ulitie neno hili akilini kwa sababu sikulitoa kwa mtu: wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wavuvi. Mimi ni fundi wa chuma. Chuma hakina ubichi. Hukunjwa kikiwa kikavu, hata kikiwa na kutu, mradi kipate moto. Kesho yake asubuhi nikavaa koti langu la kanisani nikashuka mjini.

Darasa lilikuwa juu ya duka la viatu, karibu na Barabara ya Accra, ghorofa ambayo lifti yake ilikufa kabla wewe hujazaliwa. Walikuwa wakifundisha lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Jina hilo maana yake ni chatu, na mimi tangu siku hiyo nimeiita Chatu, kwa sababu humeza polepole. Mwalimu alikuwa msichana mmoja aitwaye Atieno, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Waliobaki walikuwa vijana wenye vipokea sauti masikioni. Nilipoingia wote walisimama. Walidhani mimi ndiye mwenye nyumba nimekuja kuwafukuza.

Utaniuliza, mzee, mbona unasema utatusimulia ya ujana wako, nawe siku hiyo ulikuwa umeshavuka hamsini? Mwanangu, ujana si idadi ya miaka. Ujana ni kule kukaa mahali usipojua chochote, mikono yako ikakuonea haya. Nilipokuja Nairobi nikabeba mawe Kawangware sikuwa kijana kama nilivyokuwa katika chumba kile. Mawe niliyajua. Kile kibao cha herufi sikukijua, na vidole vyangu, ambavyo vimekula cheche za moto maisha yote, vilikuwa vinabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Basi huo ndio ujana ninaousema, na nilikuwa nao jana tu.

Nikueleze kidogo lugha yenyewe, usije ukadhani ni uchawi. Unaiandikia kompyuta amri, mstari kwa mstari, nayo inazifuata kutoka juu kwenda chini. Ukisahau kuweka nukta pacha mwisho wa mstari fulani, inakataa. Ukisahau kusogeza mstari unaofuata ndani kidogo, inakataa. Ikikataa inakutolea maandishi mekundu. Na hapo, nakiri, kitu kilinigusa ubavu. Haikusema "samahani mzee." Haikusema "kama hutajali." Ilisema umekosea, mstari wa nne, basi. Tangu nifungue karakana hakuna kiumbe aliyekuwa ameniambia hivyo usoni, ukimtoa mke wangu.

Siku ileile ya kwanza kijana mmoja aliyekaa kando yangu, jina lake Kevo, mtoto wa Kangemi, nywele zimesukwa kama za dada yake, alichungulia skrini yangu akanyoosha kidole, akaniita buda, yaani mzee kwa lugha yao ya mtaani.

"Buda, umesahau nukta pacha hapo."

Nilimtazama. "Baba yako ni nani?"

"Eeh?"

"Nimeuliza, baba yako anaitwa nani? Nataka nijue ni nyumba gani inafundisha mtoto kumwonyesha mtu mzima kidole."

Kevo akarudisha kidole chake mfukoni. Mwalimu Atieno akaja mbio. "Pole mzee wangu, pole sana. Kevo, heshimu mzee." Nami nikakohoa kidogo, nikaiweka nukta pacha taratibu, kana kwamba nilikuwa naelekea huko.

Kuanzia siku hiyo, mwanangu, nilikaa katika darasa lile kama mgeni wa heshima harusini. Kiti chenye mgongo kilikuwa changu. Chai ikija, kikombe cha kwanza ni cha mzee. Nikiandika amri zangu wanapita nyuma yangu wanasema, "Iko poa mzee," "Safi sana mzee wangu." Mwalimu akija anatabasamu, anainama, anasema, "Umejaribu sana." Nami nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilirudi Riruta nikamwambia muuza vyuma kwamba lugha ile si kitu, ndani ya wiki chache nimeipigisha magoti. Wahenga wanasema akipenda, chongo huita kengeza. Mimi naongeza: akiogopa pia.

Ndipo ikaja kazi ya mtaa wa Jamhuri. Kuna mama mmoja pale mtaani tunamwita Mama Njoki, mwalimu mstaafu, mtu wa ukoo wa Dagoretti wa zamani, ambaye alikuwa amejenga shule ya chekechea. Nyumba mpya, madirisha mapana, na watoto wa miaka mitatu, minne. Akanipa grili zote za shule. Sharti lake lilikuwa moja: kati ya chuma na chuma pasizidi sentimita kumi, kwa sababu mtoto wa umri huo akipata mahali pa kupitisha kichwa atakipitisha, halafu hajui kukirudisha. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu ya wiki iliyofuata. Wazazi walikuwa wameshaambiwa.

Kwa chaki ningeimaliza kazi hiyo nikipiga mluzi. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya watu. Nikakaa na Chatu. Nikamwandikia: dirisha lina upana huu, weka alama kila baada ya sentimita kumi, alama ya kwanza mpaka ya kumi na moja. Dirisha la mita moja na sentimita ishirini linahitaji vyuma kumi na moja ndani ya fremu yake; hilo hata mbuzi wa Mutuini anajua. Nikabonyeza. Maandishi mekundu hayakuja. Ikanitolea alama zangu, zimepangwa kama wanajeshi. Nikasimama nikaita darasa zima lije kuona.

Wakaja. Wakatazama. Nakumbuka Kevo alitazama zaidi ya wengine, akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

"Iko poa, mzee," akasema.

Nikaipeleka mahali pa kuchapisha, nikabandika karatasi kwenye ukuta wa karakana, nikamwita Wafula, fundi wangu wa miaka mingi, na wenzake.

"Hapa hakuna tepu," nikawaambia. "Hakuna kuniuliza. Kompyuta imeshapiga hesabu, na kompyuta nimeiamrisha mimi. Fuateni alama."

"Sawa, mdosi," Wafula akasema, maana ndivyo wanavyomwita bosi wao.

Wakafuata. Mimi nilikuwa nikishinda mjini kila siku. Nikirudi jioni nakuta grili zimelazwa moja juu ya nyingine, zimepakwa rangi ya kijani, hii imeelekea huku na ile kule, vyuma vya moja vimefunika nafasi za nyingine. Jicho langu lilipita juu yake likasema kazi safi. Alhamisi tukapakia lori dogo tukaenda Jamhuri.

Mama Njoki alikuwa anatungoja mlangoni na leso kichwani. Wafula akaishusha grili ya kwanza akaisimamisha kwenye dirisha, jua likapita katikati yake. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoona. Vyuma vilikuwa vimepangana vizuri kutoka kushoto, kumi, kumi, kumi, halafu mwishoni upande wa kulia palikuwa na mwanya wa kuingia mbwa. Chuma cha mwisho hakikuwepo. Nikakimbilia ya pili. Hakikuwepo. Ya tatu, ya nne. Zote.

Mama Njoki aliingia darasani, akarudi na mpira wa plastiki wa watoto, wa ukubwa wa kichwa cha mtoto, akausukuma kwenye ule mwanya kwa kidole kimoja. Mpira ukapita, ukadunda uani, ukaenda zake.

"Baba Boaz," akasema, akiniita kwa jina la kifungua mimba wangu, "hii ni dirisha ama ni goli?"

Wale vijana wangu wakageuza nyuso. Niliona bega la Wafula linatetemeka. Nikamgeukia yeye kwanza, kwa sababu hasira hutafuta aliye karibu.

"Wafula! Umechomelea grili hizi zote na hukuona?"

"Niliona, mdosi."

"Ukanyamaza?"

"Ulisema tusiulize. Tulidhani ni staili mpya." Akasita. "Huyu mwenzangu alisema labda ni ya kutokea moto ukishika."

Mama Njoki akanivuta mkono kando, chini ya ukuta wa shule yake. Ni mtu mfupi, amenizidi umri kidogo tu, lakini alifundisha darasa la kwanza miaka yote ile na sauti yake haijastaafu.

"Ni watu wangapi wameona hii kitu kabla ifike kwangu?"

Nikahesabu kichwani. Darasa zima. Mwalimu labda. Karakana nzima. "Ni wengi," nikasema.

"Na hakuna mtu alikuambia?"

"Hakuna. Wananiheshimu."

"Hapana. Wanakuogopa. Mtu anayeheshimiwa huambiwa suruali yake imepasuka. Anayeogopwa huachwa atembee nayo hadi sokoni." Akatazama saa yake. "Mpaka Jumamosi jioni. Ukishindwa, nitampigia yule wa kiwanda, na hautaniona tena kwa geti yako. Sasa toa hizi goli kwa uwanja wangu."

Tukapakia tena. Nikiwa ndani ya lori nilikuwa nimeiva kwa hasira. Wafula akaniambia kwa upole, akitazama barabara, "Mdosi, hii kitu ni rahisi. Tuweke chuma moja moja kwa macho, kesho jioni tumemaliza. Hiyo kompyuta tuachane nayo." Nilipompigia mke wangu naye akasema hayohayo: "Baba Boaz, umejaribu, watu wameona. Sasa rudi kwa kazi unayoijua." Na muuza vyuma, nilipopita kwake kununua vyuma vya kujazia? Alitabasamu tu. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

Sikiliza vizuri hapa. Walikuwa na haki. Kwa chaki ningemaliza Ijumaa, nikalala, na jambo likaishia hapo. Lakini chaki ingekuwa inasema: Hezekia, wewe ni wa huku, usivuke. Nimeambiwa maneno hayo tangu nifike mji huu. Niliambiwa Dagoretti ni kwa wenyewe, sitapata ploti, nimepata. Niliambiwa jogoo wa shamba hawiki mjini. Nimewika mpaka majirani wameandika malalamiko. Sikutaka kuambiwa tena, na zaidi ya yote sikutaka kujiambia mwenyewe. Nikamwambia Wafula, "Kateni vyuma, muweke tayari. Lakini hakuna mtu kuchomelea mpaka karatasi mpya itoke. Kompyuta ndiyo iliyokosea, na kompyuta ndiyo itakayorekebisha."

"Na ikikataa, mdosi?"

"Itanikuta nimekataa zaidi."

Nikashuka mjini vilevile, rangi ya kijani mikononi, vumbi la Jamhuri kwenye viatu. Darasa la alasiri lilikuwa limeanza. Nikasukuma mlango.

"Nani aliona?" nikauliza.

Wakageuka wote kunitazama.

"Nimeuliza, ile programu yangu ya madirisha, nani aliona kosa?"

Kevo akainua mkono polepole kama mtu anayetajwa mahakamani. "Mimi, mzee."

"Na hukusema?"

"Mara ya mwisho nilisema, uliniuliza jina la baba yangu."

Mmoja akacheka puani. Mwalimu Atieno akasimama, macho chini. "Hata mimi niliona, mzee wangu. Siyo hiyo tu. Kuna jioni nyingi ukishaenda nilikuwa narekebisha zako kidogo ndiyo kesho zikubali. Niliona aibu kukwambia. Wewe ni kama baba yangu."

Mwanangu, niliishika ile meza. Kumbe hata zile siku ambazo maandishi mekundu hayakuja, si mimi niliyeyafukuza. Walikuwa wamenibeba mgongoni kama mtoto, huku wakiniambia natembea. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuwakemea, na wote wangeinama na kusema pole mzee, na ningeshuka ngazi zile nikiwa na heshima yangu yote na ujinga wangu wote. Wengi wa rika langu wangefanya hivyo. Mimi sikufanya.

"Kuanzia saa hii," nikasema, "ndani ya chumba hiki mimi si mzee wa mtu. Mzee ameachwa chini pale kwenye duka la viatu. Hapa ni Hezekia. Nikikosea, semeni. Nikikasirika, semeni tena. Atakayeniambia 'iko poa' na haiko poa, huyo ndiye nitakayemtafutia baba yake."

Walitazamana. Ni vigumu kwao, naelewa. Hata ulimi una malezi. Lakini Kevo, Mungu ambariki na hizo nywele zake, akavuta kiti akaketi kando yangu.

"Sawa, Heze," akasema. "Hii kitu yako ni takataka."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, ingawa kicheko changu kilitoka kikiwa kimekunjamana. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, kila mtu humtupia taka zake. Siku hiyo nililifungua jalala langu wazi, na wakatupa kwelikweli. Mstari wa pili una upuuzi. Jina hili umelitumia mara mbili. Hapa unazunguka kama mlevi wa Kawangware. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama kiroboto. Chatu, ukimwambia ahesabu kutoka moja mpaka kumi na moja, husimama kwenye kumi. Namba ya mwisho kwake ni mpaka tu, haiingii ndani ya hesabu.

"Nani alipanga hivyo?" nikauliza.

"Walioitengeneza," Mwalimu Atieno akasema.

"Basi walikosea. Mtu akinituma nilete matofali kutoka la kwanza mpaka la kumi na moja, nikileta kumi, ananifuta kazi."

"Inawezekana walikosea. Lakini ni lugha yao." Akasita. "Hezekia."

Na mpaka leo nashikilia kwamba walikosea, na siku nikikutana nao nitawaambia. Lakini nilipokuja Dagoretti sikuwaambia wenyeji wabadilishe Kikuyu chao kwa sababu mimi ni mtu wa Vihiga. Nilikaa kimya nikakisikiliza, nikakosea salamu, wakanicheka, nikajifunza. Ndivyo nilivyojenga pale. Nikaandika kumi na mbili ili nipate kumi na moja. Chatu akakataa. Maandishi mekundu yakaja, Kevo akacheka, akanionyesha mstari ambao sikuwa nimeusogeza ndani, kwa kidole kilekile. Nikausogeza. Nikabonyeza. Ikanitolea alama kumi na moja. Sikuamini. Nikazihesabu kwa kidole kwenye skrini, moja moja, halafu nikamwita kila mmoja azihesabu, na safari hii wakazihesabu kwa kweli, mpaka msichana mmoja wa nyuma akagundua kwamba dirisha la choo, ambalo ni jembamba, bado lilikuwa linakosa kipimo. Tukalirekebisha hilo pia.

Karakanani Ijumaa nilibandika karatasi mpya nikasimama mbele ya vijana wangu. Nikawaambia mwenye kuona kitu aseme kabla hajawasha mashine. Wafula akaitazama karatasi, akachukua tepu ambayo nilikuwa nimeipiga marufuku, akapima, akapima tena, nami nikanyamaza ingawa kunyamaza kuliniwasha koo. "Iko sawa, mdosi," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini hiyo rangi uliyonunua ni ya mbao." Nikatazama mkebe. Ni kweli. Nikarudi dukani.

Jumamosi jua likiwa bado juu tulisimamisha grili ya mwisho Jamhuri. Mama Njoki akaupitia kila mwanya wa kila dirisha na mpira wake, la choo pia, na mpira ukakataa kila mahali. Alipomaliza akauweka chini.

"Hii imehesabiwa na nani?" akauliza.

"Na mimi. Na wengine waliokuwa wananitukana."

"Endelea kuwatafuta hao," akasema, akaenda kumwita mtu wa kufagia. Jumatatu watoto waliingia darasani. Mimi nilikuwa darasani Barabara ya Accra, kwenye kiti kisicho na mgongo, kwa sababu kile kizuri Kevo alikuwa amekichukua na hakuonyesha dalili ya kukitoa. Sikujali. Nilikuwa na grili za ngazi za kumwandikia Chatu, ambazo ni ngumu kuliko za madirisha, na nimeziandika. Hivi ninavyokusimulia, muuza vyuma mwenyewe ananiletea vipimo vya wateja wake nimpigie hesabu. Ananiletea na chaki yake mfukoni, bado.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Wewe uliye kijana, ukimwona mkubwa wako anakosea, mwambie. Mwambie kwa adabu, mwambie faraghani ukiweza, lakini mwambie. Adabu inayomwacha mtu apotee si adabu, ni uvivu uliovaa suti. Na wewe uliyeanza kuota mvi kama mimi, usikubali mtu akwambie wakati wako umepita. Jifunze Chatu, jifunze chochote, kaa na watoto, kosea mbele yao. Lakini kabla hujaketi, vua ukubwa wako uuache mlangoni, kwa sababu mashine haitausalimia na chuma hakitaukatia njia. Mtafute mmoja asiyekuogopa. Ukimpata, usimuulize jina la baba yake. Mshukuru baba huyo kimoyomoyo, alilea vizuri.

Mungu akupe akili ya kuuliza na ngozi ngumu ya kusikia jibu. Akupe walimu wadogo kuliko watoto wako na marafiki wenye midomo mibaya. Mikono yako isikuonee haya, na wanaokucheka leo waje kwako kesho na vipimo vyao. Amina.

Na kwa kuwa najua utauliza, kwa sababu watu wa Nairobi hawawezi kumaliza hadithi bila kuuliza gharama: ada ya darasa, vyuma vya kujazia, rangi ya mbao na ile ya chuma iliyokuja baadaye, lori mara mbili, na chakula cha vijana waliofanya kazi Jumamosi. Nililipa zote mwenyewe, sikukopa, na ningelipa tena kesho asubuhi. Shilingi elfu arobaini na moja, mia sita na themanini.